Mashine ya Chama Nayo Yataka Palizi



Wako miongoni mwetu wanaouliza kwa nini katibu anaiombea kompyuta fedha za bando kila mwezi, na hali karafuu hazichumwi kwa kompyuta. Swali ni la haki, nami nalijibu kwa niliyoyaona bara.

Mwaka jana nilikwenda kuwatazama wakulima wa kahawa wa wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoa wa Kagera. Ni mbali, jamani. Ukifika Lusahunga, malori yapita mchana na usiku kuelekea Rusumo na Kabanga, mipakani, nawe umekwisha sahau harufu ya bahari. Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, hesabu zote za mizani zilikuwa ndani ya kompyuta moja. Karani, kwa kulionea bando huruma, aliizuia isijisasishe kwa miaka miwili. Siku moja mtu akaleta flashi apigiwe chapa barua. Asubuhi yake mafaili yote yamefungwa, na kioo chadai dola. Nao ni msimu! Nilimkuta karani na wazee watatu wakiandika upya kilo za kila mkulima kutoka katika stakabadhi za karatasi. Na aliyepoteza stakabadhi yake amesimama mlangoni, hana la kusema.

Windows, yaani programu kuu inayoiendesha mashine, haikosi matundu. Likijulikana moja, wenyewe hutoa kiraka bure. Lakini kutoa kiraka ni kuwaonyesha na wezi tundu lilipo. Tangu hapo ni mbio. Microsoft walitoa kiraka kimoja tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei kirusi kiitwacho WannaCry kikapita katika tundu lile lile, kikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, hata hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Kiraka kilikuwapo takriban miezi miwili.

Mzee mmoja wa kamati ameniambia, "Mwanangu, viraka hivyo vyala bando, na huigandisha mashine siku ya malipo." Ni kweli, Mzee wangu. Basi tuvitie Ijumaa alasiri, ofisi imefungwa. Wala sisemi kiraka chatosha peke yake: nakala ya daftari ikae mbali na mashine, na flashi za wageni zibaki mifukoni mwao.

Kuna khatari moja iliyo karibu. Mashine yetu ya pili ni ya Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida ilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi ameitazama, asema haichukui Windows 11. Katika mkutano mkuu nitaomba ruhusa ya kununua nyingine kabla mizani haijafunguliwa. Mpaka hapo isiunganishwe na intaneti, hata kwa kutazama picha za harusi.

Katibu