Mzee akianguka, tazameni na dawa zake

Mzee akianguka usiku akienda chooni, huku kwetu Tabora tunasema ni uzee, au kuna mkono wa mtu. Mfuko wake wa dawa hatuufungui. Dawa za presha zinaweza kumpa kizunguzungu anapoinuka kitandani. Za usingizi, kama diazepamu, humlegeza. Za kukojoza, akizinywa jioni, humtoa nje gizani.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo. Ni jambo jema, ila dawa zikiongezeka kila safari, nani anazitazama zote pamoja? Msikilizaji, mpeleke babu na mfuko mzima, hata za kienyeji, umuulize daktari ipi ipunguzwe. Usimwachishe mwenyewe, presha ikipanda huleta kiharusi.