Kona ya Mwalimu: Kelele katika Somo la Kiingereza

Kila mwaka vijana wanaosomea ualimu huja katika shule zetu za sekondari kufanya staji. Yule wa Kiingereza ndiye anayehurumiwa zaidi, maana mara nyingi kelele za darasa lake hufika hata ofisini kwa prefe. Leo twataka kusema naye, na pia na wazazi na wanafunzi.

Kwanza tutambue ugumu wa kazi yake. Mtoto wa Bukavu husema Mashi au Kiswahili nyumbani, shuleni hufundishwa kwa Kifaransa, na Kiingereza humjia kama lugha ya tatu au ya nne. Kijana mwenyewe alijifunza kwa njia hiyo hiyo. Akiingia darasani huwakuta wanafunzi wengi wamebanana madawatini, na pengine kitabu ni kimoja tu, nacho ni chake. Nyuma kabisa ameketi mwalimu mwenye darasa, kalamu mkononi, akiandika makosa yake. Nani asingetetemeka?

Basi kijana hutoa amri kwa Kiingereza. Wanafunzi hawaelewi, hukaa tu. Yeye hudhani ni ukaidi, hupaza sauti. Wao huogopa, kisha hucheka. Hapo hukiacha Kiingereza, hugombeza kwa Kifaransa, na somo limekwisha. Tazameni: mwanzoni hakuna aliyekosa adabu. Amri haikueleweka, basi.

Ndugu mwalimu kijana, chagua maneno machache ya amri: “Listen”, “Stand up”, “Sit down”, “Repeat”. Tangu siku ya kwanza uyaseme pamoja na ishara ya mkono, wala usiyabadili. Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle, ambaye Papa Pio XII alimtangaza mwaka 1950 kuwa msimamizi wa walimu, alitaka walimu wa shule zake kule Ufaransa waseme kidogo. Walitumia kifaa kidogo cha mti kutoa ishara, ili wasichoke kwa kupiga kelele. Sauti ya mwalimu ikipazwa kila saa, watoto huizoea, na mwisho hawaisikii tena.

Pili, usiogope kila sauti. Lugha haifundishwi kwa midomo iliyofungwa. Wanafunzi wa dawati moja wakiulizana na kujibizana kwa Kiingereza, darasa litavuma, na hilo si kosa. Kelele mbaya ni ya mtoto asiyejua afanye nini. Kwa hiyo toa kazi fupi, onyesha mfano pamoja na mwanafunzi mmoja, waambie ishara ya kunyamaza, ndipo uwaache waseme.

Lakini liko jambo la hatari kuliko kelele, nalo ni dhihaka. Tuseme mtoto ataka kueleza kwamba kwao hula wali, yaani “rice”. Wengi wetu huchanganya l na r, naye atamka “lice”, maana yake chawa. Mwalimu acheka, aeleza neno hilo, na darasa zima laangua kicheko. Tangu siku ile wenzake wamwita Chawa, naye hainui mkono tena. Mwalimu amepata kicheko cha siku moja, amempoteza mwanafunzi wa mwaka mzima. Afadhali angalitamka neno sahihi bila kumtazama mtu, wote wakalirudia mara tatu, kisha akampa mtoto yule nafasi ya pili na kumsifu.

Don Bosco, ambaye wana wake Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, aliandika mwaka 1877 juu ya malezi yanayotangulia kosa. Alitaka mlezi akae karibu na watoto, akiwaongoza kwa akili, dini na upendo, asingoje kosa apate kuadhibu. Basi jifunze majina yao. Mtoto anayeitwa kwa jina lake hutii upesi kuliko yule anayeitwa “wewe wa nyuma”.

Ninyi wazazi, nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wana wenu wakivuka mpaka kwenda Uganda watakikuta Kiingereza sokoni na ofisini. Msiseme nyumbani, “Huyo ni mwalimu wa staji tu.” Mtoto asikiaye neno hilo jioni hulichukua darasani asubuhi.

Nanyi wanafunzi, mnamjaribu mgeni kwa sababu mnajua hatakaa. Kumbukeni kwamba kesho atakuwa mwalimu wa wadogo zenu, na namna mnavyompokea leo ndiyo atakayowapelekea wao. Mungu awabariki ninyi nyote, mnaofundisha na mnaofundishwa.