Kwa nini simu yako imeachwa nyuma na Android

Wasikilizaji wetu wengi wanatuandikia jambo moja: simu ni nzima, betri inakaa, kioo hakijapasuka, lakini programu zinaikataa kwa sababu Android yake ni ya zamani. Fundi wa sokoni anasema atakuwekea mpya. Kabla hujatoa hela, tuangalie mfumo huo unavyotengenezwa.

Android haitengenezwi ndani ya simu. Hutengenezwa kwenye kompyuta kubwa, mara nyingi yenye prosesa ya aina ya Intel, wakati simu karibu zote zina prosesa ya aina ya ARM. Hizi mbili hazielewani lugha. Kwa hiyo kompyuta hutumia kompaila, yaani programu ya kutafsiri, inayotoa maagizo kwa lugha ya ARM. Ni kama fundi cherehani anayemshonea mtu asiyekuwepo, ana karatasi ya vipimo tu.

Vipimo vikichanganyika, kazi imeharibika. Kompaila ikichukua kipande cha kompyuta badala ya cha simu, kazi hukatika njiani, au humalizika vizuri kisha simu isiwake. Kipande cha biti 64 nacho hakifanyi kazi kwenye prosesa ya biti 32. Wazoefu huanza kwa kukagua faili lililotoka ni la prosesa gani. Wageni hufuta kila kitu na kuanza upya, na kosa linarudi lilelile.

Kuna pia suala la umri. Mwaka 2018 Google iliondoa kompaila ya GCC kwenye zana inazowapa watengeneza programu za Android, ikabaki Clang. Maandishi ya mfumo wa simu nyingi za zamani yalizoea GCC, hivyo Clang huyakataa hapa na pale. Hilo hurekebishika, watu wa LineageOS hujitolea kufanya kazi ya namna hiyo. Lakini vipande vya kamera na mtandao hutolewa na watengenezaji vikiwa vimefungwa, bila maandishi yake. Wasipotoa vipya, anayejitolea amekwama.

Kwa maoni yetu, lawama kubwa si ya fundi wa sokoni. Samsung iliahidi masasisho ya miaka 7 kwa Galaxy S24, na Google kwa Pixel 8. Sawa, ila hizo si simu tunazonunua mnadani.

Ukiamua kuflashi, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome namba ya modeli. Mwombe fundi akuonyeshe faili lake lina namba hiyohiyo. Akijibu kwamba "zinafanana", chukua simu yako uondoke. Na picha zako zihamishe kwanza, maana kuflashi mara nyingi hufuta kila kitu.