Kuiga kwa Mkono Si Wizi

Wahenga walitutahadharisha kwamba mwiga tembo hupasuka msamba. Methali hii, ndugu msomaji, imegeuzwa fimbo ya kumchapia kila mwanagenzi wa sanaa vyuoni mwetu. Mwanafunzi akitunga tarbia yenye sauti ya malenga aliyemtangulia, huambiwa papo hapo kuwa hana ubunifu. Nami nimeionja fimbo hiyo. Mhadhiri mmoja alinirudishia shairi langu la kwanza akiwa ameandika pembeni neno moja tu: "Mwigo." Muhula mzima sikuthubutu kutunga tena. Makala haya yananuia kuitetea kazi ya kuiga, na shahidi wangu anatoka mbali, Uchina, katika kitabu cha kufundishia uchoraji kilichochapishwa mjini Nanjing mwaka 1679.

Kitabu hicho huitwa Jieziyuan Huazhuan, yaani Mwongozo wa Uchoraji wa Bustani ya Mbegu ya Haradali. Jina hilo lilitokana na bustani ya mwandishi Li Yu, iliyokuwa ndogo kiasi cha kufananishwa na mbegu hiyo. Li Yu aliandika dibaji. Aliyekikusanya na kukipanua kitabu ni mchoraji Wang Gai, kutokana na vielelezo vya kufundishia vilivyoachwa na Li Liufang, bingwa wa kizazi kilichotangulia. Sehemu ya kwanza ilihusu miti, mawe, watu, majumba na mandhari. Sehemu za mianzi, maua, ndege na wadudu zilifuata mwaka 1701.

Thamani ya kitabu hiki itaeleweka tu tukikumbuka hali ya mwanagenzi wa zama hizo. Kazi za mabingwa zilikuwa zimefungiwa makasrini na majumbani mwa matajiri. Asiyekuwa na jamaa mwenye cheo angeweza kuzeeka bila kuutia machoni hata mchoro mmoja wa kale. Ufunguo wa makufuli hayo ulikuwa ubao uliochongwa. Wachina walikuwa wakichapisha vitabu kwa mbao tangu karne nyingi. Kitabu kimoja cha Kibudha kilichopatikana Dunhuang kina tarehe ya mwaka 868. Mchoro ulichorwa kwenye karatasi nyembamba, ukagandishwa kifudifudi juu ya ubao wa mpea au mkunazi, kisha mchongaji akaondoa kila kisichokuwa mstari. Ubao ulipakwa wino, karatasi ikalazwa juu yake, na mgongo wa karatasi ukasuguliwa kwa brashi kavu. Mtambo haukuhitajika. Palipotakiwa rangi, kila rangi ilichongewa ubao wake. Mjini humo humo Nanjing, Hu Zhengyan alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1633, katika kitabu cha Ukumbi wa Mianzi Kumi, jinsi petali la ua linavyoweza kufifia kutoka wekundu hadi weupe kwa chapa ya mbao.

Mafunzo yenyewe yalipangwa hatua kwa hatua. Mwanafunzi alianza na shina tupu la mti, kisha matawi, kisha majani ya namna mbalimbali. Alipojua mti mmoja alifundishwa kuchora miwili, mkubwa na mdogo, ikae pamoja kama mzee na mtoto. Baadaye alionyeshwa jinsi Ni Zan alivyochora mawe, na jinsi Huang Gongwang alivyoyachora, kila mmoja kwa mkono wake. Tanbihi, msomaji: majina ya mabingwa yalitajwa. Mwanafunzi alijua anamwiga nani.

Je, mbegu hiyo ilizaa nini? Tumtazame Qi Baishi, aliyezaliwa mwaka 1864 katika familia ya wakulima maskini mkoani Hunan. Alikuwa seremala wa nakshi. Akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, alikikuta kitabu hiki katika nyumba ya mteja wake. Hakuwa na uwezo wa kukinunua, basi akakiazima, na kwa miezi kadhaa, baada ya kazi ya mchana kutwa, akakinakili usiku ukurasa kwa ukurasa. Kutokana na nakala hizo alipata ruwaza za nakshi zake, na hatimaye akaiacha randa akashika brashi. Alipofariki mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa wachoraji mashuhuri kabisa wa Uchina. Laiti angelikutana na yule mhadhiri wangu, huenda angelirudi kwenye useremala.

Ni kweli kwamba kitabu hiki kina mahasimu, nao si wa kupuuzwa. Xu Beihong, aliyesomea uchoraji mjini Paris, alikishutumu vikali. Kwa maoni yake, wachoraji walikuwa wamezoea kukifungua kitabu badala ya kufungua macho, wakawa wanachora mlima bila kuutazama mlima. Shutuma hiyo ina uzito. Hata hivyo, dawa yake ilikuwamo tangu zamani. Katika karne ya 6, Xie He alitaja kanuni sita za uchoraji. Kunakili kazi za watangulizi kulikuwamo, lakini katika nafasi ya sita. Ya kwanza ilikuwa uhai wa mchoro. Qi Baishi mwenyewe aliwaonya wanafunzi wake kuwa anayejifunza kwake ataishi, ila anayefanana naye atakufa. Naye aliyatenda aliyoyanena, kwani alifuga kamba bakulini nyumbani kwake ili atazame wanavyokwenda, kisha ndipo awachore.

Sisi wa Kiswahili tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na miongo miwili baadaye wanamapokeo na wanamabadiliko walitoana jasho juu ya vina na mizani. Kila upande ulikuwa na hoja. Lakini naona swali lililosahaulika ni hili: mwanagenzi ajifunzie wapi, kabla hajachagua upande?

Fauka ya hayo, kuna mwigo wa pili ambao siutetei kamwe. Ni ule wa kuhamisha kurasa nzima kutoka intaneti hadi kwenye tasnifu kwa kubofya kitufe, jina la mwenyewe likifutwa. Mwigo huo haupiti mkononi wala akilini. Anayenakili hivyo mara mia hubaki vile vile alivyokuwa, ilhali seremala wa Hunan kila ukurasa ulimwongezea kitu. Ajabu ni kuwa tunamkaripia anayeiga kwa jasho, huku anayeiba bila jasho akipita na alama zake.

Napendekeza, basi, kwamba kila mwanafunzi wa ushairi anakili kwa mkono wake tungo za kale, ataje mtunzi wake, ahesabu mizani yake, kisha atunge kwa kuzifuata, na mwishowe aziage. Tembo hatuwezi kuwa. Lakini nyayo zake njiani zimeonyesha wengi maji yaliko.