Nenosiri ni lile lile, simu inakataa



Usiku wa Alhamisi binti yetu alibakiwa na muda wa saa mbili tu kukamilisha maombi ya mkopo wa masomo, na simu yake ikakataa kuingia katika waifai ya nyumbani. Kila alipoandika nenosiri ilijibu kuwa imeshindwa kuunganishwa. Nami, badala ya kuchunguza, nilimgeukia mdogo wake nikamtuhumu kuwa amelibadilisha. Mtoto akakana. Na simu yangu mwenyewe ilikuwa imeunganishwa pale pale, jambo ambalo peke yake lingetosha kunionyesha kwamba anasema kweli.

Simu haimkabidhi ruta nenosiri kama mtu atoaye ufunguo. Kila upande hufanya hesabu zake kwa nenosiri hilo, kisha huthibitishiana. Ikipotea herufi moja, mlango haufunguki. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja, na sifuri hufanana mno na O. Bonyeza alama ya jicho uone unachokiandika.

Kwa binti yetu herufi zote zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu. Siku chache kabla nilifungua mipangilio ya ruta nikachagua ulinzi wa WPA3 peke yake, kwa kuwa ndio mpya, uliotoka mwaka 2018. Simu yake ni ya zamani na inafahamu WPA2 tu. Simu ya namna hiyo huweza kuliona jina la mtandao na bado isiweze kuingia. Dawa yake ni kuchagua WPA2 na WPA3 kwa pamoja, kisha kuufuta mtandao huo katika simu na kuingiza nenosiri upya, kwani simu hung'ang'ania kumbukumbu za zamani.

Kabla ya kugundua hayo nilikwisha kushika sindano, tayari kubonyeza kile kitufe kilichofichwa ndani ya kitundu cha ruta. Mama watoto akanizuia, na haki ilikuwa yake. Kitufe hicho hufuta mipangilio yote, pengine hata iliyowekwa na fundi, na usiku ule fundi tungempata wapi? Kuchomoa ruta katika umeme kwa nusu dakika hakufuti kitu, anzia hapo. Wala usiliondoe nenosiri kwa hasira, ukawaachia wapita njia kifurushi chako.

Iwapo simu yasema imeunganishwa lakini haina intaneti, nenosiri halina kosa. Tazama kama kifurushi kimekwisha, au iulize kampuni inayokuuzia huduma. Na ikiwa tatizo ni chumba cha nyuma tu, jaribu masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri kuliko yale ya 5.

Maombi yaliondoka zikiwa zimesalia dakika 20. Kijana alikuwa amekwisha kulala. Nilimwomba radhi alfajiri, tulipokuwa tukielekea msikitini.