Nasir: Ngome Iliyozingirwa na Ahadi Isiyotimizwa

Kutoka Tingi hadi mto Sobat ni mbali; lakini Sudan Kusini ni mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, na kilio chake kinatuhusu.

Huko Nasir, kando ya mto huo, kikosi cha serikali kilikaa muda mrefu kikiwa kimetengwa. Jeshi lilipotaka kuleta askari wapya, vijana wa Jeshi Jeupe walihofu kunyang'anywa silaha. Tarehe 4 Machi 2025 waliiteka kambi. Siku tatu baadaye, helikopta ya Umoja wa Mataifa iliyokwenda kuwaokoa askari ilishambuliwa. Jenerali Majur Dak na wenzake wakauawa. Kisha mabomu yakawaangukia raia, na maelfu wakakimbilia Ethiopia.

Mzizi wa msiba huu tunauona katika mkataba wa Septemba 2018: ulidai majeshi yaunganishwe kuwa moja, na hilo halikukamilika. Ahadi ni deni. Aprili 2019 Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliinama akawabusu miguu viongozi hao, akiwasihi wadumu katika amani.

Tuwaombee walilipe deni hilo. Nasi tunapopatanishwa, nyumbani au jumuiyani, tusiishie kupeana mikono.