Kulala Njaa Sio Dayeti

Wacha niseme mapema, ndio wa kukasirika wakasirike mapema. Ule mpango wa siku 14 unaouzwa WhatsApp, asubuhi maji ya ndimu, mchana yai moja na tango, usiku chai ya kupunguza tumbo, ni njaa. Tofauti yake na njaa ya kawaida ni kwamba hii umeilipia.

Ukiuliza swali unaambiwa huna nidhamu. Ukisikia kizunguzungu darasani, eti mafuta yanaungua. Zii. Anayeungua hapo ni wewe.

Namba wanayoipenda ni kalori 1,200 kwa siku, kwa kila mtu: msichana wa miaka 17 anayecheza voliboli, na jamaa wa mjengo anayebeba saruji kutwa. Namba yenyewe ni ya zamani kuliko shosho yako. Daktari Mmarekani, Lulu Hunt Peters, aliipigia debe kwenye kitabu chake cha 1918. Leo mtu anaiweka kwa PDF, anabandika picha ya avokado, anakuuzia kama siri mpya.

Sasa sikia hii. Mwishoni mwa 1944, mwanasayansi Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alichukua wanaume 36 waliojitolea, vijana wenye afya. Kwa miezi 6 akawapunguzia chakula hadi kama kalori 1,570 kwa siku, huku wakitembea karibu kilomita 35 kila wiki. Kilo zilitoka, kweli. Lakini walisikia baridi ovyo, wakaisha nguvu, wakawa na hasira na huzuni, na chakula hakikuwatoka akilini. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula tena, kuna waliokula na kula na bado hawakushiba.

Na hao walikula zaidi ya 1,200. Halafu wewe siku ya nne ukijipata kibandani na chapo tatu, unajiita mlafi? Huo ni mwili wako unajiokoa, mtu wangu.

"Lakini mimi nilipoteza kilo tatu kwa wiki!" Sawa. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu yake hukaa na kama gramu 3 za maji. Ukijinyima chakula, akiba inaisha, maji yanatoka, mizani inashuka. Ukirudia ugali Jumapili, maji yanarudi. Na ile chai? Nyingi huwa na senna, dawa ya kuendesha tumbo. Inakukimbiza choo, mafuta yanabaki palepale. Mwaka jana kuna watu waliniandikia niitangaze. Pesa waliyotaja ingelipa kodi ya keja miezi miwili. Nilikataa, kwa sababu wengi wanaonitazama bado wako sekondari.

Kutaka kupungua si dhambi. So ule kiasi gani? Chini kidogo ya kile mwili wako unatumia, usikate nusu. Kwa mtu mzima, wataalamu wa lishe mara nyingi huzungumzia kupunguza kama kalori 500 kwa siku, na kushuka nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Hizo 500 hazitafutwi kwa kuruka lunchi. Soda ya nusu lita ina karibu kalori 200. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, kama 120. Kunywa maji badala ya soda, toa vijiko viwili vya mafuta kwa chakula chako cha siku, umekaribia kufika na ugali hujaugusa.

Halafu panga sahani: nusu mboga, robo ugali, wali au chapo, robo ndengu, maharagwe, omena, mayai au nyama. Mara tatu kwa siku. Njaa ikibisha katikati, kula ndizi. Hivi vitu vyote viko kwa mama wa kibanda, na hakuna anayevificha.

Kama hujafika miaka 18, mwili wako bado unajengwa. Usianze kuukatia kalori peke yako. Ona daktari au mtaalamu wa lishe kwanza. Na yeyote ambaye hedhi imesimama, anazimia, au anaogopa sahani ya chakula, hospitali ni leo, usingoje siku 14 ziishe.

Najua kuna mtu ataandika, "Wewe uliacha chuo, utatufunza nini?" Ni kweli, niliacha. Sasa muulize na anayekuuzia PDF alisomea lishe wapi. Akikublock, umepata jibu, na pesa yako inunue ndengu.